Shule Iliyojengwa kwa Tikiti

Septemba mwaka wa 1785, jijini Paris, kijana wa miaka 16 alifanya mtihani wa hesabu. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Corsica, na Kifaransa chake kilikuwa na lafudhi ya nyumbani. Babake alikuwa amefariki mwezi wa Februari mwaka huohuo, na familia ilibaki bila pesa. Alisoma kwa ufadhili wa mfalme. Alipita, lakini si kwa kishindo: kwenye orodha ya vijana 58 waliokubaliwa kuwa maafisa wa mizinga alishika nafasi ya 42. Hapa kwetu matokeo ya namna hiyo hayamfanyi mtu abebwe juu juu mbele ya kamera za televisheni. Kijana huyo alikuwa Napoleon Bonaparte, na mtahini wake alikuwa Pierre-Simon Laplace.

Kisa hiki husimuliwa kwa sababu ya mwanafunzi. Mimi kinanivutia kwa sababu ya karo. Ukiuliza ni nani aliyelipia kuta za shule aliyosomea, utakutana na umati wa watu ambao hawakuwahi kukanyaga darasa lake hata moja: wanunuzi wa tikiti za bahati nasibu. Ukizidi kuuliza, utagundua kwamba Laplace mwenyewe aliwahi kulipwa mshahara na shule hiyohiyo, na kwamba miaka mingi baadaye ndiye aliyesimama mbele ya wakubwa wa Ufaransa kuwaambia biashara ya tikiti ifungwe. Alikuwa amepiga hesabu yake. Na hesabu yenyewe si ya ajabu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu, hata yule anayevuta D na kusema "hesabu si yangu", anaweza kuifanya kwa penseli na karatasi moja.

Tuanze na shule. Mwaka wa 1751 Mfalme Louis wa 15 alianzisha École militaire, chuo cha kuwafunza uanajeshi wavulana 500 kutoka familia za kikabaila zilizofilisika. Aliyeusukuma mradi huo alikuwa Joseph Pâris-Duverney, mtu wa fedha, akisaidiwa na Madame de Pompadour, kipenzi cha mfalme. Pesa za kwanza zilitoka kwenye kodi ya karata. Yaani tangu siku ya kwanza, shule ilikula kwa mkono wa mcheza kamari. Lakini karata hazikutosha. Majengo yalikuwa makubwa kuliko mfuko, na kufikia mwaka wa 1757 Pâris-Duverney alikuwa akitafuta pesa kila mahali.

Hapo ndipo anapoingia Giacomo Casanova. Ndiyo, Casanova yuleyule wa wanawake. Alikuwa ametoroka gereza la Venice mwaka wa 1756, akafika Paris bila kazi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipoambiwa kwamba shule inahitaji mamilioni, alijidai ana mpango kichwani, ilhali hakujua mpango huo ni upi. Bahati ilimwangukia: ndugu wawili Waitaliano, wa ukoo wa Calzabigi, tayari walikuwa wameandika mpango kamili, na Pâris-Duverney akamwonyesha Casanova karatasi zao. Casanova akasema mara moja, ni huohuo! Akabaki kazi yake kuwa ile aliyoijua vizuri, kushawishi watu.

Mpango wenyewe ulitoka Genoa. Huko, majina matano yalichaguliwa kwa kura kutoka kundi la waheshimiwa ili wapate viti katika baraza la jiji, na wananchi wakazoea kubeti ni nani watakaotoka. Baadaye majina yaliachwa, zikabaki nambari: 1 hadi 90, na nambari tano zinatolewa. Unaweza kubeti nambari moja, au jozi, au tatu pamoja. Kadiri unavyotaja nambari nyingi, ndivyo zawadi inavyokuwa nono.

Washauri wa mfalme waliogopa. Je, siku ya kwanza watu wakibahatika, hazina itafilisika? Casanova aliwajibu kwamba droo moja inaweza kuleta hasara, ndiyo, lakini droo nyingi haziwezi. Jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa. Droo ya kwanza ilifanyika tarehe 18 Aprili 1758, na shule ikaanza kuvuna.

Sasa shika penseli.

Una nambari 90. Unataka kujua zinaweza kutoa jozi ngapi. Nambari ya kwanza unaweza kuichagua kwa njia 90, ya pili kwa njia 89. Zidisha: 8,010. Lakini ngoja, 7 na 52 ni jozi ileile kama 52 na 7. Umeihesabu kila jozi mara mbili. Gawa kwa 2, unabaki na 4,005. Hiyo ndiyo kombinesheni, jina kubwa kwa jambo dogo: hesabu mipangilio yote, kisha gawa kwa mara ulizorudia kitu kilekile. Kwa nambari tatu, 90 mara 89 mara 88 ni 704,880. Nambari tatu hupangika kwa njia 6, kwa hiyo gawa kwa 6: makundi 117,480. Ukifika nambari tano unagawa kwa 120, na unapata makundi 43,949,268.

Droo nayo inatoa nambari tano. Ndani ya hizo tano mna jozi 10, makundi ya tatu 10, ya nne 5, na kundi moja tu la tano. Kama uliwahi kulazimishwa kupanua mabano ya (a + b) kwa kipeo cha 5, uliandika 1, 5, 10, 10, 5, 1 kutoka pembetatu ya Pascal, ukapata alama zako ukaenda. Nambari hizo ndizo hizi. Katika mfumo wa 8-4-4 mada hiyo ilikuja kidato cha tatu, na ya uwezekano ikaifuata papo hapo. Wengi tulizipita kama vituo viwili vya matatu visivyojuana.

Tukiunganisha, nafasi ya nambari yako moja kutoka ni moja katika 18. Jozi, moja katika 400 na nusu. Tatu, moja katika 11,748. Nne, moja katika 511,038. Tano, moja katika 43,949,268.

Na malipo je? Mwanzoni Paris iliuza bahati ya nambari moja, mbili na tatu tu. Mwaka wa 1776 serikali iliichukua bahati nasibu hiyo kutoka mikononi mwa shule, ikaiita ya kifalme, na zile za nambari nne na tano zikaongezwa. Orodha ilipokamilika, aliyepata moja alilipwa mara 15 ya pesa zake. Jozi, mara 270. Tatu, mara 5,500. Nne, mara 75,000. Tano, mara milioni moja.

Milioni moja! Ukisikia hivyo moyo unaruka. Lakini zidisha malipo kwa uwezekano, halafu uone katika kila 100 zilizochezwa ngapi zinarudi kwa wachezaji. Kwa nambari moja zinarudi 83, mwenye bahati nasibu anabaki na 17. Kwa jozi anabaki na 33. Kwa tatu, 53. Kwa nne, 85. Na kwa tano, ile ya milioni, anabaki na takriban 98, zinazorudi ni 2 na ushee.

Isome orodha hiyo mara ya pili, maana ndiyo kiini cha habari yote. Mtu mwenye ndoto ndogo alikatwa 17. Mwenye ndoto kubwa kuliko zote alikatwa 98. Na ndoto kubwa hununuliwa na nani? Tajiri hahitaji kuzidishiwa shilingi yake mara milioni ndipo maisha yabadilike. Anayehitaji hivyo ni yule ambaye hana njia nyingine anayoiona. Kwa hiyo bei ya matumaini ilipanda kadiri mnunuzi alivyokata tamaa, na hakuna mahali kwenye tikiti palipoandikwa hivyo.

Watu wengine husema Wazungu wa zama hizo ndio waliovumbua hesabu hii ya makundi. Sivyo. Ukisoma ushairi wa Kiswahili shuleni uliambiwa kuhusu arudhi: vina, mizani, beti. Neno hilo ni la Kiarabu, na elimu yake hunasibishwa na al-Khalil ibn Ahmad wa Basra, mtu wa kabila la Azd lenye asili ya Oman, aliyeishi karne ya 8. Huyohuyo ndiye anayetajwa kuwa alitaka kuandika kamusi isiyoacha neno nje, na kwa hiyo akahesabu herufi 28 za Kiarabu zinaweza kutoa maneno mangapi bila kurudia herufi: ya herufi mbili 756, ya tatu 19,656, ya nne 491,400, ya tano 11,793,600. Na hapa hapa barani Afrika, jijini Marrakesh, Ibn Mun'im, aliyefariki mwaka wa 1228, alichukua nyuzi za hariri za rangi 10 akauliza ni vishada vingapi tofauti vinavyoweza kutengenezwa ukichanganya rangi mbili, tatu, nne na kuendelea. Jibu lake alilipanga kwenye jedwali la pembetatu, zaidi ya miaka 400 kabla ya Pascal. Mmoja alitafuta maneno, mwingine akatafuta urembo. Paris mwaka wa 1758, hesabu ileile iligeuzwa mashine ya kukusanya pesa.

Je, kuna aliyewahi kuitumia hesabu kuishinda serikali? Yuko. Mwaka wa 1729 Ufaransa iliendesha bahati nasibu nyingine kwa ajili ya waliokuwa wakiidai serikali. Tikiti ya mwenye dhamana ndogo iliuzwa bei ndogo, ya mwenye dhamana kubwa bei kubwa, lakini zote zilikuwa na nafasi sawa ya kushinda. Kijana mwanahisabati aliyeitwa La Condamine akaliona shimo hilo. Yeye na mwandishi Voltaire walikusanya wenzao, wakanunua tikiti za bei rahisi kwa wingi, wakavuna hadi Voltaire akatajirika. Ni hadithi tamu, lakini isikudanganye. Walishinda kwa sababu muuzaji alikosea hesabu. Bahati nasibu ya shule haikukosea. Muuzaji akishapiga hesabu sawasawa, hesabu ya mnunuzi ina jibu moja tu.

Laplace alilijua jibu hilo kuliko mtu yeyote. Alizaliwa mwaka wa 1749 kijijini Normandy. Alipelekwa chuo cha Caen asomee mambo ya kanisa, akaacha, akaenda Paris akiwa kijana wa miaka kama 20 bila jina wala mali. Mwanahisabati d'Alembert alimsaidia kupata kazi, na kazi hiyo ilikuwa kufundisha hesabu École militaire, wakati ambapo bahati nasibu bado ilikuwa ya shule. Bila shaka ugali wake wa ujana ulikuwa na unga wa tikiti ndani yake. Lakini katika miaka hiyohiyo ndipo alipoanza kuandika juu ya uwezekano, kazi iliyomfanya maarufu dunia nzima.

Katika kitabu chake cha mwaka wa 1814 kuhusu uwezekano, kilichoandikwa kwa msomaji wa kawaida, aliwaangalia wachezaji wa bahati nasibu ya Ufaransa kwa jicho la daktari. Aliona kwamba nambari ikikaa muda mrefu bila kutoka, watu huikimbilia. "Imechelewa, sasa lazima itoke." Lakini gurudumu halina kumbukumbu. Nambari iliyolala miezi sita ina nafasi moja katika 18, sawa na iliyotoka juzi. Alipiga pia hesabu ya droo zinazohitajika ili nambari zote 90 ziwe zimetoka angalau mara moja, akaona kwamba hata uwezekano wa nusu kwa nusu unahitaji droo kama 85 au 86. Kwa hiyo nambari kuchelewa si ishara. Ni kawaida.

Alichukua pia wazo la Daniel Bernoulli, aliyeandika mwaka wa 1738 kwamba thamani ya pesa hutegemea anayeishika. Shilingi mia ya mtu mwenye milioni ni chenji. Shilingi mia ya mtu mwenye mia mbili ni nusu ya maisha yake ya leo. Kwa hiyo hata mchezo wa haki kabisa, ambao haumkati mtu hata senti, bado humuumiza maskini, kwa kuwa anachopoteza kina uzito kuliko atakachoongeza. Sasa fikiria mchezo unaokata 98.

Mwaka wa 1819 Laplace, mzee wa miaka 70 na sasa mheshimiwa, alizungumza katika Baraza la Makabaila akitaka bahati nasibu ikomeshwe. Watetezi wake walikuwa na hoja ambayo hata leo tunaisikia: hakuna anayelazimishwa, ni kodi ya hiari. Laplace alijibu kwa lugha ya hesabu. Kwa mtu mmoja mmoja ni hiari, sawa. Lakini ukiangalia taifa zima, mapato yake karibu hayabadiliki mwaka hadi mwaka, kama vile idadi ya ndoa au ya vizazi. Serikali inajua tangu mwanzo wa mwaka kiasi itakachopata. Jambo ambalo unaweza kulipangia bajeti namna hiyo, utaliitaje hiari?

Hakusikilizwa siku hiyo. Mapinduzi yalikuwa yameifuta bahati nasibu mwaka wa 1793, lakini mwaka wa 1797 ikarudishwa kwa sababu serikali ilihitaji pesa, na enzi ya Napoleon, yule mtahiniwa wa nafasi ya 42, iliiacha iendelee. Laplace alifariki mwaka wa 1827. Ilifungwa mwaka wa 1836.

Kwetu Kenya sheria ya kamari na bahati nasibu ilitungwa mwaka wa 1966, miaka mitatu tu baada ya uhuru. Siku hizi huhitaji kusafiri hadi kwa wakala, unahitaji simu na salio. Mkopo wa HELB ukiingia, kuna mwanafunzi anayelipa kodi ya chumba, ananunua unga na mafuta, halafu anatazama kilichobaki na kuona hakifiki mwisho wa muhula. Hapo ndipo mkeka unapoonekana kama mpango. Simcheki. Mtu mwenye njaa haambiwi kwamba kutamani ni dhambi. Ila namuomba afanye ile hesabu ya dakika tano.

Bahati nasibu ya kuchagua nambari 6 kati ya 49, inayochezwa nchi nyingi, ina makundi 13,983,816. Jakipoti ya mechi 17, ambayo kila mechi ina matokeo matatu, ina njia 3 zikizidishwa mara 17: 129,140,163. Utaniambia mpira si gurudumu, wewe unazijua timu. Haya, tuseme wewe ni fundi kiasi kwamba kila mechi una nafasi nusu kwa nusu ya kupatia. Bado ni moja katika 131,072.

Halafu kuna lile neno linalowarudisha watu wiki ijayo: "Nilikosa moja tu." Hebu lihesabu nalo. Mkeka unaoshinda mechi zote 17 ni mmoja. Mikeka inayokosa mechi moja tu ni 34, kwa kuwa kuna mechi 17 za kukosea na kila moja ina majibu mawili yasiyo sahihi. Katika ile ya 6 kwa 49, kwa kila kundi moja linaloshinda yapo 258 yanayokosa nambari moja. Kwa hiyo kukosa moja si dalili kwamba ulikaribia. Mchezo umejaa nafasi za kukosa moja, na kila anayeangukia hapo huona kwamba mlango ulikuwa karibu kufunguka.

Bahati nasibu nyingi hujenga vitu vizuri. École militaire bado imesimama Paris, karibu na mnara wa Eiffel, na ni jengo zuri. Lakini wale wavulana 500 walisomeshwa na watu ambao watoto wao hawangekubaliwa kuingia hapo, na waliolipa zaidi ni waliokuwa wakiota zaidi. Kila mara tunapoambiwa kwamba tikiti inasaidia jamii, swali la kuuliza ni hilohilo: jamii ipi inalipa, na ipi inasomeshwa?

Na kama bado unataka kununua, nunua ukijua bei. Tuseme tikiti ya 6 kwa 49 ni shilingi 50. Zidisha 50 kwa 13,983,816. Zawadi ya haki, isiyokukata hata senti, ingekuwa shilingi 699,190,800. Sasa tazama tangazo, soma zawadi wanayokuahidi, kisha toa. Tofauti utakayoipata ndiyo karo unayomlipia mtu mwingine.